Kwa nini jiwe hili na si lile? Alama za kale miambani, kutoka Kondoa hadi Pwani

Swali limetoka kwa msomaji wa Kimara, Dar es Salaam, mwalimu wa sekondari. Anasema alikwenda Kondoa kwenye harusi ya binamu yake, na siku ya pili vijana wakampandisha Kolo kuona michoro ya miambani. Siku hiyohiyo, kwenye mwamba wa wazi karibu na kijiji, aliona vishimo vidogo vimechongwa kwenye jiwe, vingine vimejipanga kama bao. "Nimerudi na picha sabini kwenye simu na maswali tele," anaandika. "Kwa nini watu wa kale walihangaika kupanda hadi kule juu? Kondoa mawe yapo kila mahali, kwa nini walichagua hili wakaacha lile? Vile vishimo ni bao kweli? Na sisi wa Pwani mbona hatuna? Halafu kijana mmoja alitaka kuumwagia ukuta maji ili rangi zikolee, nikamzuia. Nilikosea?"

Hukukosea, Mwalimu, na suala la maji nitalirudia. Nianze na kitu cha mtaani kwako. Mkazi wa Kimara hana haja ya kuelezwa X nyekundu ukutani ina maana gani: nyumba itabomolewa kupisha barabara. Sasa ipige picha ile X peke yake, bila ukuta na bila barabara, umtumie mtu aliyeko kijijini Masasi. Ataona mwanafunzi amekosa hesabu. Wewe ukiiona pale ilipo, jicho linakwenda lenyewe kwenye lami, unakadiria mita ngapi, unageuka kuangalia kama nyumba ya jirani nayo imepigwa. Maana ya ile X imekaa kati ya rangi, ukuta na barabara. Ukiitoa mahali pake, unabaki na mistari miwili iliyokatana.

Michoro ya Kolo iko hivyohivyo, na ndiyo maana picha zako sabini zimekuachia maswali. Nami yalinikuta. Safari yangu ya kwanza Kondoa, nikiwa mwanafunzi, nilishinda siku nne nimeukodolea ukuta macho, nanakili kila mnyama na kila mtu. Niliporudi Dar, mwalimu wangu alizitazama karatasi zangu kwa upole, akaniuliza: "Ukiwa umesimama pale, maji yako upande gani?" Sikuwa na jibu. Ilibidi nirudi, na safari ya pili nusu ya muda niliupa ukuta mgongo.

Tutenganishe kwanza kazi mbili ulizoziona, maana kila moja inadai jiwe la aina yake. Michoro ya Kolo imepakwa rangi. Ile nyekundu ni ngeu, ambayo mafundi seremala wanaijua: unga wa mawe yenye kutu ya chuma, ukichanganywa na mafuta au kitu kingine cha kuushikisha. Rangi haistahimili mvua, kwa hiyo mchoraji anatafuta mwamba ulioinama mbele kama ukingo wa paa, wenye uso uliosimama na mkavu. Vile vishimo vimechongwa kwa kugota, jiwe gumu linagongwa juu ya mwamba mpaka unamomonyoka punje kwa punje. Kazi hiyo inavumilia jua na mvua kwa maelfu ya miaka, kwa hiyo inaweza kukaa uwanjani kabisa, kwenye jiwe lililolala. Nchini kwetu michoro ya rangi ni mingi mno na alama za kuchonga ni chache, nyingi zikiwa vishimo vya namna hiyo.

Kuhusu Kolo yenyewe, sehemu ya jibu la "kwa nini juu" ni ya kawaida tu: miamba yenye vivuli ndiko iliko. Mteremko wa mashariki wa ukuta wa Bonde la Ufa ulipasuka na kumeguka, ukaacha mabamba makubwa yaliyoning'inia. Eneo lililoandikishwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2006 lina mapango ya namna hiyo zaidi ya 150 yenye michoro, yametawanyika katika kilomita za mraba 2,336. Lakini katika mteremko huohuo kuna mabamba yaliyoning'inia vizuri, makavu, yenye uso safi, na hayana hata mstari mmoja. Hapo ndipo swali lako linapopata uzito.

Jiwe tupu nalo ni ushahidi. Mtu akikuambia "walichagua mahali penye mandhari", muulize kama amekwenda kukaa kwenye yale mapango yasiyochorwa akaona kuna tofauti gani. Kondoa karibu kila mwamba wa mteremkoni una mandhari. Hiyo peke yake haithibitishi lolote. Kazi ya kweli ni ya miguu. Unapita jiwe baada ya jiwe, lenye alama na lisilo nazo, unaandika linaelekea wapi, linaonekana kutoka wapi, wanaenea watu wangapi mbele yake, maji yako umbali gani, njia inafikaje. Ni kazi ya kuchosha, na naipenda kuliko zote, kwa sababu baada ya siku kadhaa unaanza kuhisi tofauti hata kabla hujaiandika. Pango moja lina sebule mbele yake, watu thelathini wanaweza kukaa na kucheza ngoma. Lingine ni ufa ambao anaingia mtu mmoja kwa kujipinda. Mchoro wa pango la kwanza ulikuwa na hadhira. Wa ufani ulikuwa siri, au ulikuwa wa aliyeuchora na wachache waliojua njia.

Ukirudi kwenye picha zako za Kolo, tafuta ule mchoro wa watu warefu wembamba, ambapo wa katikati ameshikwa mikono na waliosimama pande zake mbili. Mtafiti Mary Leakey, aliyefanya kazi ya kunakili michoro ya Kondoa mwaka 1951 pamoja na mumewe Louis, aliona ni tukio la mtu kutekwa. Wengine waliokuja baadaye walikumbuka simbo, ngoma ya uponyaji ya Wasandawe, ambayo mchezaji hupandwa, hugeuka simba, na wenzake humshika asianguke. Mimi nipo upande wa ngoma, na sababu mojawapo ni mahali. Wasandawe bado wapo, jirani tu, wilaya ya Chemba, na lugha yao yenye vidoko. Ile michoro myekundu ya pofu, twiga na tembo inahusishwa na wazee wao na wa Wahadzabe, watu wa kuwinda na kuchimba mizizi. Mchoro wa tiba utachorwa mahali ambapo tiba ilifanyika au ilikumbukwa, na mahali hapo panahitaji nafasi ya watu kusimama na kupiga makofi.

Juu ya michoro myekundu utaona mingine myeupe, minene, imepakwa kwa kidole, mara nyingi juu kabisa ya ile ya zamani. Hiyo inahusishwa na wakulima wa Kibantu waliokuja baadaye. Watu wenye lugha nyingine, maisha mengine na imani nyingine walifika Kondoa, wakakuta mapango mengi matupu ya kuchora, na bado wakapanda kwenda kwenye mawe yaleyale yaliyokwishachorwa. Walitambua kwamba jiwe lile lina wenyewe. Na jambo hilo halijaisha, kwani Warangi mpaka leo wanapanda Mungumi, kwenye mwamba wa Kolo, kwa matambiko ya mvua na uganga. Mwenye shida ya mvua haendi popote tu penye jiwe, anakwenda pale. Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini jiwe hili, kwa miaka mingi ya mwisho jibu mojawapo ni kwamba waliotangulia walikuwa wamelichagua.

Sasa tahadhari kuhusu hayo mandhari. Nchi uliyoiona Kondoa, yenye makorongo mekundu na mashamba, si ile waliyoiona wachoraji. Mmomonyoko wa udongo pale ulifikia kiwango ambacho mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Miti mingi unayoiona leo imeota baada ya hapo. Korongo lililo mbele ya pango huenda lilikuwa mbuga ya nyasi, na kijito kilichokauka kilikuwa kisima. Kilichobaki vilevile ni umbo la ardhi: ukuta wa Bonde la Ufa nyuma yako, na mbele, mashariki, tambarare inayoshuka kuelekea nyika ya Wamasai. Aliyesimama pale aliona makundi ya wanyama, moshi wa wageni na wingu la mvua mapema kuliko aliyeko bondeni. Watu walikuwa wakikaa chini ya miamba ile tangu zamani mno. Kisese, kaskazini kidogo, watafiti waliochimba wamekuta shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa zaidi ya miaka 40,000. Michoro inayoonekana leo huenda ni ya jana ukilinganisha na hapo, japo umri wake haujajulikana kwa uhakika.

Tuje kwenye vishimo, ambavyo nakiri ndivyo vilivyonifanya niandike jibu refu hivi.

Nenda kwenye mwamba kama ule alfajiri, jua likiwa linachungulia. Saa sita mchana jiwe ni la kijivu tupu na unaweza kukanyaga vishimo ishirini usivione. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanga ukiwa unapita ubavuni, kila kishimo kinajaa kivuli upande mmoja na ukingo wa pili unang'aa, na mwamba wote unageuka kama uso wa mtu aliyepona ndui. Piga goti. Weka kidole gumba karibu na kishimo, usikiguse, ulinganishe. Kilichochongwa na maji huwa na mdomo usio na umbo na mara nyingi kina njia ya kutokea. Kilichochongwa na mtu ni duara, kimeinama sawasawa kama bakuli, na ukingoni bado utaona vidonda vidogo vya mapigo ambayo hayakulenga. Kwenye jiwe gumu, kishimo kimoja ni maelfu ya mapigo. Hakuna anayefanya hivyo kwa kupitisha muda akisubiri ng'ombe wanywe.

Je, ni bao? Vingine ndiyo. Hyrax Hill, karibu na Nakuru nchini Kenya, kuna mbao za bao zimechongwa mwambani bila ubishi. Kigezo changu ni rahisi, na wewe unayewaona wazee wakicheza barazani utakielewa upesi. Bao lina mistari, na mistari ina hesabu. Hili letu la Kiswahili lina mistari minne ya mashimo manane, jumla 32, na kete 64. Bara yapo pia ya mistari miwili. Mashimo yawe yanalingana, yabebe kete kadhaa, jiwe liwe limelala, na pande mbili pawe na nafasi ya watu kukaa wakitazamana. Ukikuta vishimo vimetapakaa bila safu, kimoja kikubwa kama bakuli la uji na kingine kama kifuniko cha soda, hapo hapachezeki bao. Na ukivikuta kwenye uso uliosimama wima, kete zitakaa wapi?

Basi vilikuwa vya nini? Vina kazi zaidi ya moja, na kilicho jirani navyo ndicho kinachoitaja. Serengeti, kwenye vilima vya mawe vya Moru, kuna mwamba wenye vishimo uliogongwa kwa sababu ya sauti: ukiupiga unalia kama kengele, na vishimo ni alama za mapigo ya miaka mingi. Mtu aliyevipima vile kwa rula na kuondoka bila kusikiliza angekosa kila kitu. Kwingine vishimo vipo pembeni ya mawe ya kusagia, kwingine mahali pa tambiko. Kwa hiyo swali la kurudi nalo Kondoa ni la mazingira. Je, mwamba ule upo njiani kuelekea majini? Unatoa sauti? Ukikaa pale unaona pango la michoro? Jiwe linalofuata, lisilo na kishimo, limekosa nini?

Tabia hii ya mahali kuzungumza pamoja na alama si ya Kondoa peke yake. Twyfelfontein nchini Namibia, ambako nako ni urithi wa dunia tangu 2007, michoro zaidi ya 2,000, mingi ikiwa ya wanyama, imechongwa kwenye mawe mekundu katika nchi kavu kabisa, lakini penye chemchemi. Miongoni mwa wanyama hao yumo simba ambaye kila mguu una vidole vitano, kinyume na simba yeyote wa mwituni, kwa sababu ndani yake yumo mtu. Mwalimu, mkumbuke yule mchezaji wa simbo. Afrika Kusini, mahali paitwapo Driekopseiland, zaidi ya alama 3,500 zimechongwa kwenye sakafu ya mwamba ndani ya Mto Riet wenyewe. Mto ukijaa zinazama, ukipungua zinaibuka. Wapo wataalamu wanaozihusisha na unyago wa wasichana na nyoka mkubwa wa maji, na nikiona picha za maji yakifunika zile duara na miale, ubishi unaniishia. Aliyechonga pale alijua mto utakuja.

Na kule Alta, kaskazini kabisa ya Norway, mahali pamewasaidia wataalamu kujua umri. Barafu nzito iliyoigandamiza nchi ile ilipoyeyuka, ardhi ikaanza kuinuka taratibu kutoka baharini, na bado inainuka. Wachongaji walipenda miamba ya ukingoni mwa maji. Hivyo za kale zaidi, za miaka kama 7,000 iliyopita, ziko juu mlimani, na za karibuni ziko chini kuelekea ufuo wa leo. Ukipanda kilima, unarudi nyuma kwa wakati.

Hapo ndipo nafika Dar es Salaam, maana kwetu bahari imefanya kinyume. Miaka kama 20,000 iliyopita maji yote yale yalipokuwa barafu, bahari ilikuwa chini ya ilipo leo kwa mita zipatazo 120. Unguja ilikuwa imeungana na bara. Kwenye pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, imechimbwa mifupa ya wanyama wa nyikani kama punda milia, ambao hawakuvuka kwa jahazi. Kwa hiyo watu wa kale wa Pwani walikuwepo, ila ufuo wao na sehemu kubwa ya nchi yao sasa ni sakafu ya mkondo ambao boti ya Zanzibar inaupita kila siku. Kilichobaki juu ni mchanga, udongo na matumbawe. Na matumbawe, kama ulivyoona kwenye kuta za zamani za uani, yanaliwa na mvua na chumvi mpaka yanabaki meno matupu. Hata kama mtu aliyagota vishimo miaka 5,000 iliyopita, hayawezi kukitunza kishimo. Waswahili waliokuja baadaye walilijua hilo jiwe vizuri. Nakshi zao walizichonga kwenye tumbawe laini lililotolewa baharini likiwa bichi. Nenda Kunduchi ukayaone makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa bakuli za Kichina, ni safari ya daladala tu kutoka kwako. Si ya kabla ya historia, lakini utaona swali lilelile limejibiwa na watu wengine: marehemu hawa wamewekwa wapi, na nani alitakiwa kuwaona.

Sasa hilo la maji. Kumwagia ukuta maji kunaikoleza rangi kwa dakika chache, kisha maji yanapokauka yanaacha chumvi na utando, na rangi inazidi kufifia nyuma yake. Michoro kadhaa Kondoa imefifia kwa mkono wa watu waliotaka picha nzuri. Vishimo navyo visijazwe chaki wala makaa ili vionekane. Subiri mwanga wa ubavuni, au usiku shika tochi chini kabisa, sambamba na jiwe. Adui mwingine ni jembe. Wapo wanaochimba chini ya miamba hiyo wakitafuta hazina za Wajerumani, na wanachokitupa pembeni kama takataka, maganda ya mbuni, vipande vya ngeu, makaa ya moto wa kale, ndicho kingetuambia nani alikaa pale na lini. Inaniuma kila ninapokuta shimo jipya. Ukiliona, kamwambie mhifadhi pale Kolo.

Siku hizi treni ya SGR inakufikisha Dodoma kabla mchana haujaisha, na kutoka hapo ni basi la lami hadi Kondoa. Ukienda tena, lala kijijini ili uamkie kwenye ule mwamba wa vishimo. Simu iache mfukoni kwa nusu saa ya kwanza. Kaa, tazama pande zote nne, andika maji yako wapi, njia inapita wapi, Kolo iko upande gani. Kisha nenda kwa mama mwenye shamba la karibu, msalimie, umuulize kwa Kirangi jiwe lile wanaliitaje. Jina hilo niandikie.